Kwa hisani ya nani?

Leo naomba nianze kwa kuungama. Niliwahi kuandika habari ambayo haikuwa na uongo hata mstari mmoja, lakini ikamharibia mama mmoja jina lake kijijini kwao. Nimekaa nayo muda mrefu, na nimeona kuendelea kunyamaza ni dhambi ya pili.

Mnaoijua Mtwara mnazijua zile warsha. Hoteli ya Shangani, upepo wa bahari, maji ya chupa mezani, chai ya saa nne na sambusa mbili mbili. Ukutani kuna bango kubwa lenye nembo. Siku ile nilizihesabu, zilikuwa sita. Ya kwanza ya serikali ya nchi moja ya Ulaya, ya pili ya taasisi ya kutoa misaada, ya tatu na ya nne ni mashirika ya kimataifa, ya tano ni ya asasi moja kubwa ya Dar es Salaam. Ya sita, kule chini pembeni, ndogo kama stempu, ilikuwa ya kikundi cha kina mama wanaopanda mikoko kwenye maingilio ya mto Ruvuma. Hao ndio mradi wenyewe. Wao ndio wanaoingia kwenye tope mpaka magotini. Hao wengine watano walikuwa wanawasaidia kuingia.

Katibu wa kikundi alikaa kiti cha nyuma. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Hakupewa nafasi ya kuzungumza mpaka saa tisa mchana, na alipopewa aliambiwa atoe "ushuhuda". Mnaona neno hilo? Wataalamu wanatoa mada, mama wa kijijini anatoa ushuhuda. Alisema maneno machache, akapigiwa makofi, akakaa. Jioni tukapanga foleni kusaini karatasi ya posho. Yeye alisaini, na mimi nilisaini. Ndiyo, na mimi. Nauli ya mwandishi wa habari, tunavyoiita kwa heshima.

Afisa habari wa mradi alinipa taarifa iliyokwishaandikwa, ina thamani ya mradi, mamia ya milioni za shilingi, na jina la kikundi. Nikaiweka sawa, nikaituma. Gazetini ikatoka na kichwa cha habari kinachosema kina mama wa mikoko Mtwara wamepata mamilioni. Nilifurahi, maana ilikaa ukurasa wa ndani lakini ikiwa na picha.

Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Mwanangu, lile gazeti lako limefika huku. Limesomwa kwenye mkutano wa kijiji. Wananiuliza nimeyaficha wapi hayo mamilioni."

Nikamuuliza, "Kwani mama, kikundi mmepata nini hasa?"

Akanitajia bila kusoma popote, kama mtu anayehesabu vyombo vya jikoni kwake. Mabuti. Majembe. Viriba vya kuoteshea miche. Posho ya siku za mafunzo. Basi. Hakuna shilingi iliyoingia kwenye akaunti ya kikundi, kwa sababu kwenye andiko la mradi kikundi hakikuandikwa kama mpokeaji wa fedha. Kiliandikwa kama mnufaika.

"Sasa mwanangu," akasema, "hebu niambie wewe uliyeandika. Hizo pesa zimeliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Na jibu la kweli ni baya kuliko wizi, kwa sababu inawezekana kabisa hazikuliwa na mtu yeyote. Inawezekana kila shilingi ina risiti yake. Zimetumika vizuri, kwa utaratibu, kwa mujibu wa bajeti iliyopitishwa. Zimetumika kabla hazijafika.

Safari ya pesa

Tuifuate hiyo pesa. Inatoka kwa mfadhili, inaenda makao makuu ya shirika la kimataifa, ambako kuna kodi ya ofisi, mishahara na bima. Inakuja Dar es Salaam kwenye ofisi ya nchi, ambako kuna mkurugenzi, magari, ulinzi na umeme wa jenereta. Inapita kwa mshauri mwelekezi wa kufanya utafiti wa awali, na baadaye mwingine wa kufanya tathmini ya mwisho. Inalipa tiketi za ndege za kuja Mtwara kutuangalia. Inalipa hoteli, bango na sambusa. Kila kituo kinakata chake, na kila kituo kina hoja. Mwisho wa barabara ya vumbi kuna mama ana mabuti.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba ofisi ya Dar es Salaam haina kazi. Ninachosema ni kwamba katika mnyororo mzima, mtu pekee ambaye kazi yake inahesabiwa kuwa ya kujitolea ni yule aliye kwenye tope.

Wala hili si jambo la Mtwara peke yake. Mwaka 2021 taasisi za Bridgespan na African Philanthropy Forum zilitoa ripoti kuhusu misaada mikubwa ya wafadhili binafsi kwa Afrika katika muongo wa 2010 hadi 2019. Katika fedha zilizotolewa na wafadhili wa nje ya bara hili, asilimia 14 tu ndizo zilizokwenda kwa asasi zenye makao Afrika. Kumbuka hiyo ni misaada iliyokusudiwa Afrika. Yaani mtu anamchangia jirani yako aliyefiwa, lakini pesa anampa mtu wa mtaa wa tatu ambaye "ana uzoefu na misiba".

Serikali zao nazo hazijafanya vizuri zaidi. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada ya dharura walikubaliana huko Istanbul kwamba ifikapo 2020, angalau asilimia 25 ya fedha za dharura ziwafikie watoa huduma wa ndani ya nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. 2020 ikafika, ikapita. Novemba 2021 mkuu wa USAID wakati huo, Samantha Power, akaahidi kwamba ndani ya miaka minne robo ya fedha za shirika lake zitakwenda moja kwa moja kwa wenyeji. Mwaka wa fedha wa 2022 walifika asilimia 10.2. Mwaka uliofuata, badala ya kupanda, ikashuka hadi 9.6. Hizo ni takwimu za USAID wenyewe.

Kisha ikaja Januari 2025. Siku ya kwanza tu ya urais wake wa pili, Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikawa imefungwa, mabaki yake yakahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Lile tangazo tulilokua nalo kwenye redio na mabango, "kwa hisani ya watu wa Marekani", likawa historia. Wengi tuliona jinsi ofisi zilivyofungwa na magari yalivyoegeshwa. Nawauliza: kama robo ya fedha zile kweli ingekuwa imejenga asasi za wenyeji, zenye ofisi zao, wahasibu wao na vyanzo vyao vingine vya mapato, tungebaki na nini leo? Tungebaki na kitu. Mahali pengi tumebaki na vibao vya mradi na fulana.

"Hawana uwezo"

Kila nikiuliza kwa nini kikundi cha mama yule hakikupewa fedha moja kwa moja, jibu ni moja. Linasemwa kwa upole, kwa sauti ya mtu anayekuhurumia. "Tatizo hawana uwezo."

Uwezo gani? Wa kupanda mikoko wanao, tena wao ndio waliowafundisha wale wataalamu ni tope lipi linashika mche na lipi linauzamisha. Uwezo wa kuwakusanya watu wanao. Uwezo unaosemwa hapa ni mwingine. Ni mhasibu mwenye vyeti. Ni hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Ni sera ya manunuzi, sera ya jinsia, sera ya kupinga rushwa, zote kwa Kiingereza. Ni andiko la kurasa 40 lenye jedwali la matokeo. Ukitaka fedha za Serikali ya Marekani ulitakiwa kwanza upate namba ya utambulisho katika mfumo wao wa usajili, mtandaoni, kwa Kiingereza, na hii ni kwa mtu ambaye akitaka intaneti inayoeleweka anapanda pikipiki kwenda mjini.

Sasa angalia mtego ulivyo. Vitu vyote hivyo vinanunuliwa kwa pesa. Mhasibu analipwa mshahara. Mkaguzi wa hesabu analipwa. Shirika kubwa linapoomba fedha linawekewa fungu la gharama za uendeshaji, tena kiwango chake linajadiliana na mfadhili. Kwa miaka kumi hivi, kanuni za Marekani zilimruhusu asiye na kiwango alichojadiliana adai asilimia 10 tu, na ni Oktoba 2024 ndipo ikapandishwa kuwa 15, miezi michache kabla duka halijafungwa. Na asasi ndogo ikipewa kazi na shirika kubwa, mara nyingi fungu hilo halipo kabisa. Inalipwa miche, hailipwi kodi ya chumba inakowekea hayo majembe.

Kwa hiyo unamnyima mtu pesa kwa sababu hana mhasibu, na hana mhasibu kwa sababu unamnyima pesa. Halafu unampelekea warsha ya kumjengea uwezo. Siku mbili, hotelini, na cheti. Ndugu zangu, gharama ya warsha moja ya namna ile ingemlipa kijana mmoja mwenye diploma ya uhasibu pale Mtwara mshahara wa miezi mingi. Vijana hao wapo. Wanaendesha bodaboda.

Mji uliozaliwa na mradi

Watu wa Mtwara tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine wote, maana mji wetu wenyewe ni mtoto wa mradi uliokufa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea wakabuni bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kupeleka karanga bandarini. Wakulima wa kusini waliokuwa wakilima karanga na mtama tangu enzi za mababu hawakuulizwa kuhusu udongo wala mvua. Wataalamu walikuwa na matrekta na uwezo. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Hakuna aliyesema kwamba Waingereza hawana uwezo wa kusimamia fedha.

Narudia, maana ndiyo hoja yangu: shirika kubwa likishindwa linaitwa limepata funzo. Kikundi cha Msimbati kikishindwa kinaitwa hakina uwezo.

Na tunao mfano wa upande wa pili. Miaka ya 1990 baruti ilikuwa inaimaliza bahari yetu. Matumbawe yanapasuliwa, samaki wadogo wanaelea tumbo juu. Waliosimama kwanza ni wavuvi wenyewe wa Mtwara, Lindi na Kilwa. Waliunda umoja wao wa vijiji vya pwani, wakauita Shirikisho, wakatumia hata kamera za video kuwaonyesha wakubwa serikalini hali ilivyo. Ulikuwepo mradi wa Wafini, RIPS, uliowaunga mkono, na nasema hili kwa makusudi ili msidhani ninachukia kila mgeni. Pale mgeni alikaa nyuma, mwenye bahari akasema. Mwishoni mwa miaka ile jeshi la wanamaji likaingia baharini, na baruti ikapungua kweli. Ilirudi baadaye, lakini tulishajua kwamba sauti ya wavuvi inaweza kuitikisa serikali.

Linganisha na kilichofuata. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ya pili nchini baada ya Mafia, kilomita za mraba 650. Fedha za kuijenga zilikuja kupitia Mfuko wa Mazingira Duniani na UNDP, Wafaransa wakachangia, utaalamu wa IUCN. Majina makubwa yote. Lakini nenda Nalingu ukaulize. Watu wa kijiji kile waliikataa hifadhi kwa miaka mingi, na mtafiti Vinay Kamat ameandika kwa kirefu jinsi wavuvi na kina mama wa pwani ile walivyoona wamefungiwa shamba lao, maana bahari ndiyo shamba. Siamini kwamba watu wa Nalingu walikuwa hawapendi samaki waongezeke. Ni watu wa pwani ileile iliyopigana na baruti! Tofauti ni nani aliyeshika kalamu wakati bajeti inaandikwa, na nani aliitwa kupokea "elimu" baada ya kila kitu kuamuliwa.

Na sisi je?

Najua mtakachonijibu. "Wewe kijana, hizo asasi za wenyeji nazo ni wezi." Kweli, wapo. Kuna asasi za mfukoni ambazo ofisi yake ni mkoba wa mwenyekiti, katibu ni mkewe na mhazini ni shemeji. Nimekutana nazo na nimeziandika. Lakini dawa ya mwizi ni ukaguzi. Benki hazikufungwa kwa sababu kuna karani aliiba. Na nani ameona warsha ya kuwajengea uwezo wa uaminifu wale wanaotumia nusu ya bajeti kabla haijavuka mto Rufiji?

Mtasema pia kwamba nawaonea wazungu tu. Sawa, tuje nyumbani. Ile ripoti ya 2021 ina sehemu ambayo hatupendi kuisoma kwa sauti. Wafadhili wakubwa wa Kiafrika wenyewe ni wabaya zaidi. Katika misaada yao mikubwa, ni asilimia 9 tu iliyokwenda kwa asasi za Kiafrika. Matajiri wetu wanapenda kukabidhi hundi kubwa ya karatasi kwa serikali mbele ya kamera, au kufungua taasisi yenye jina la familia. Kumpa mama wa mikoko pesa ya kulipa mhasibu hakuna picha.

Na neno "mwenyeji" lenyewe tumeligeuza. Siku hizi wafadhili wanataka mwenyeji, basi Dar es Salaam inavaa kanga na kusema mimi ndiye mwenyeji. Asasi yenye ofisi Mikocheni inakuwa sauti ya Madimba. Wakati wa vurugu za gesi hapa Mtwara, Januari na Mei 2013, nyumba zilichomwa na watu wakafa. Kilio cha watu kilikuwa kwamba mali inatoka kwetu na maamuzi yanatoka kwingine. Tuliosoma tulikielewa kilio kile kilipohusu bomba. Kwa nini hatukielewi kinapohusu misaada? Msaada nao una bomba lake. Tofauti ni kwamba hili linatoka Dar es Salaam kuja huku, na linavuja njia nzima.

Na kuna sisi waandishi. Tunaandika "wapatiwa mamilioni" kwa sababu taarifa imeandikwa hivyo na nauli imeshasainiwa. Hatuulizi swali la mtoto wa darasa la tatu: katika hizo milioni, ngapi zinafika? Nimeuliza maswali magumu kwa madiwani na watendaji wa kata. Siku ile hotelini sikuuliza hata moja. Nilikuwa nimeshiba sambusa.

Ninachotaka

Sitaki misaada ikome. Wanaosema misaada yote ikome huwa wana bima ya afya. Nataka mambo manne tu, na hakuna hata moja linalohitaji kongamano.

Kwanza, asasi ya mwenyeji ilipwe gharama za uendeshaji kwa kiwango kilekile shirika kubwa linachojilipa. Kama wewe unahitaji mhasibu ili uwe mwaminifu, na yeye anamhitaji.

Pili, fedha zitolewe kwa miaka kadhaa, ziwe za asasi yenyewe na si za shughuli tu. Mkoko hauoti kwa kufuata mwaka wa fedha wa mfadhili. Anayesema fedha ndogo ndogo haziwezi kusimamiwa hadi wilayani, amwangalie Foundation for Civil Society, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa fedha za pamoja za nchi wafadhili na ikagawa ruzuku kwa asasi za mikoani nchi nzima. Inawezekana.

Tatu, maandiko na ripoti zipokelewe kwa Kiswahili. Mfadhili ana pesa ya kumlipa mkalimani. Mama wa Ruvuma hana. Kwa nini mzigo wa lugha abebe asiye nacho?

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu: bajeti isomwe kijijini. Yote, tangu shilingi ya kwanza kule ilikotoka. Serikali ya kijiji inatakiwa kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, hata kama mapato yenyewe ni ushuru wa soko la dagaa. Mtendaji asipofanya hivyo watu wanamtoa jasho. Kanuni za NGO za mwaka 2018 nazo zilitaka mikataba ya misaada inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe serikalini na fedha zitangazwe. Lakini kutangaza kwa Msajili si sawa na kutangaza chini ya mkorosho. Kama mradi wa mamia ya milioni umekuja kwa jina la kijiji, basi kijiji kisomewe: makao makuu kiasi gani, Dar kiasi gani, magari kiasi gani, warsha kiasi gani, kikundi kiasi gani. Nawahakikishia, bajeti ikijua kwamba itasomwa mbele ya wavuvi, itaandikwa kwa adabu nyingine.

Karatasi moja

Narudi kwa yule mama. Baada ya simu ile nilikwenda kwa mhariri wangu kuomba tuandike ufafanuzi. Akaniangalia kama mtu aliyeomba kurudishiwa nauli ya basi lililokwishafika. "Habari imeshalala hiyo," akasema. Pengine alikuwa sahihi kwa upande wa gazeti. Kwa upande wa mama yule habari ilikuwa haijalala hata usiku mmoja.

Nikawaendea wenye mradi. Sikuwashutumu. Niliomba karatasi moja tu, inayoonyesha mgawanyo wa bajeti, ili mama aisome kwenye mkutano na watu waone kwamba hakuficha kitu. Nilijibiwa kwa heshima zote kwamba ile ni nyaraka ya ndani. Fikiri vizuri hapo. Jina la kikundi lilikuwa la nje, la kuwekwa kwenye bango na gazetini. Hesabu ndizo za ndani.

Nikapanda gari asubuhi moja mpaka kijijini kwake. Nilisimama mbele ya watu, nikasema mimi ndiye niliyeandika, na kwamba kikundi hakikukabidhiwa zile pesa. Wazee walinisikiliza. Mmoja akauliza, "Sasa kijana, kama hawakupewa wao, walipewa kina nani?" Nikasema nimeomba karatasi, nimenyimwa. Watu wakacheka, si kicheko cha furaha. Mama Katibu hakucheka. Bado ni katibu, lakini mwaka huo wanachama saba walijitoa, na aliniambia kuna nyumba mbili ambazo mpaka leo akipita hawamwamkii.

Hicho ndicho kilichopotea, na hakimo kwenye tathmini ya mradi wowote. Kikundi kile kilijengwa kwa kuaminiana, kabla ya nembo zote tano. Mtaji wake ulikuwa huo. Tukaja sisi wenye uwezo, na kalamu, na bango, tukautumia bila kuuandika kwenye bajeti.

Aliponisindikiza barabarani alinipa mfuko wa korosho, za kwake, kutoka kwenye mikorosho yake mwenyewe. Nilikataa, akasisitiza, nikapokea. Ndiyo kusema katika mradi ule wa mamia ya milioni, mimi mwandishi nimekula mara mbili, posho ya mfadhili na korosho za mnufaika.

Ile karatasi bado naifuatilia. Nikiipata nitaibandika hapa yote, na nyingine nitampelekea Mama Katibu kwa mkono wangu, akaisome mkutanoni.